Maswali ya Wasomaji: Kofia ya Mwanamume na Kichwa Chake

Barua zilizotufikia kuhusu kofia za wanaume zimekuwa nyingi kiasi kwamba safu nzima ya toleo hili tumeiachia mada hiyo. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi. Tunapotaja pama tunakusudia kofia yenye ukingo unaozunguka pande zote; kapelo ni ile yenye ukingo wa mbele tu. Felti ni kitambaa cha nyuzi zilizokandamizwa mpaka zikashikana.

Ndugu Mhariri, nilipima kichwa changu nikapata sentimita 58, nikaagiza kwa njia ya intaneti pama ya felti yenye nambari hiyohiyo. Ilipofika ikanibana pajini na kisogoni, ilhali kwenye panja kuna nafasi ya kupitisha kidole. Je, nimetumiwa nambari isiyo sahihi? – Mwenye Alama Nyekundu Pajini

Nambari uliyotumiwa ni sahihi. Kilichokosewa ni umbo. Vichwa viwili vyaweza kuwa na mzingo wa sentimita 58, kimoja kikawa kirefu kutoka pajini hadi kisogoni na kingine kikakaribia kuwa duara, na tepu ya fundi cherehani haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Viwanda vingi hutengeneza kofia kwa umbo la yai la wastani, kwa hiyo mwenye kichwa kirefu kama wewe hubanwa mbele na nyuma, panja zikabaki na uwazi. Mwenye kichwa cha duara hulalamika kinyume chake, kwamba kofia inambana juu ya masikio na kuelea pajini. Mafundi wa kofia walilitambua jambo hili zamani. Katika karne ya 19 kilibuniwa huko Paris kifaa cha kuvalishwa mteja kichwani, chenye vijiti vingi vinavyosogea kufuata kila bonde na kila mwinuko wa fuvu, ambacho hutoboa ramani ndogo ya kichwa hicho kwenye karatasi. Ramani hizo huwashangaza wenye vichwa, kwa kuwa ni nadra sana upande wa kushoto kulingana kabisa na wa kulia.

Ikiwa duka litakubali kubadilisha, chukua 59 kisha uijaze kwenye panja: chomeka vipande vyembamba vya sponji, au karatasi iliyokunjwa, nyuma ya ule mkanda wa ngozi uliomo ndani, pale penye uwazi tu. Wasipokubali, igeuze kofia, uipitishie mvuke wa birika kwa muda mfupi sehemu hiyo ya ndani hadi felti ilegee, kisha uivae mpaka ipoe, nayo itaanza kufuata kichwa chako. Kipo pia kipanuzi cha mbao chenye skrubu, lakini usitarajie zaidi ya nusu sentimita hivi. Anayelazimisha kupita hapo huweza kukata mshono wa ngozi na kuupindisha ukingo.

Kwa wengine wanaojiandaa kununua: tepu ipite katikati ya paji la uso, kama sentimita moja juu ya masikio, na izunguke sehemu ya kisogo iliyojitokeza zaidi. Pima mara tatu, ukiwa na nywele za urefu unaouzoea, na ukiangukia kati ya nambari mbili chagua kubwa, maana kujaza ni rahisi kuliko kupanua. Ukikuta nambari ndogo zenye sehemu, usishtuke, kwa kuwa zinatokana na kipenyo cha kichwa kwa inchi: sentimita 58 huandikwa 7 1/8 kwa vipimo vya Uingereza na 7 1/4 kwa vya Marekani. Tofauti hiyo ya moja ya nane imewapotezea watu wengi nauli ya kurudisha mzigo. Kofia iliyokukaa vizuri haidondoki ukiinama, na ukiivua baada ya saa nzima haikuachii mstari.

Ndugu Mhariri, nataka kununua kofia moja tu, lakini iwe nzuri. Nimeona felti ya sufu na felti ya manyoya ya sungura. Kwa macho zinafanana, kwa bei hazikaribiani. Muuzaji naye ananisukumia Panama. Nichague ipi? – Mwenye Kofia Moja

Felti haifumwi wala haisukwi. Ni nyuzi zilizotiwa unyevu na joto, zikakandamizwa na kusuguliwa mpaka zikashikana zenyewe, kwa sababu kila unywele una magamba madogo yanayonasa magamba ya jirani yake. Manyoya ya sungura, na hasa ya yule mnyama wa mitoni aitwaye biva, hushikana kwa karibu zaidi kuliko sufu ya kondoo, ndiyo maana felti yake huwa nyembamba bila kuwa dhaifu, matone ya mvua huteleza juu yake, na umbo lake hudumu. Felti ya sufu inapendeza ikiwa mpya, lakini mvua kubwa moja au mbili huweza kuifanya inywee na kulegea. Basi unalipia miaka ambayo bado hujaiona, na kwa maoni yetu malipo hayo ni ya haki.

Manyoya ya biva yalithaminiwa mno hivi kwamba yaliendesha biashara ya ngozi ya Amerika Kaskazini kwa zaidi ya karne mbili, hadi kofia za hariri zilipoyapunguzia soko katikati ya karne ya 19. Mafundi nao walilipa gharama yao. Ili manyoya yashikane vizuri yalipakwa chumvi za zebaki, na waliovuta mvuke wake kila siku ndani ya karakana zisizopitisha hewa walipatwa na tetemeko la mikono na kuvurugika akili. Danbury, mji wa Connecticut uliosifika kwa kofia, uliishia kuupa ugonjwa huo jina lake. Marekani iliachana na zebaki katika kazi hiyo mwaka 1941.

Ama Panama, kwanza tusahihishe jina: kofia hiyo ni ya Ecuador. Husukwa kwa nyuzi za majani machanga ya mmea wa toquilla, ambao hufanana na mkindu ingawa si wa jamii ya mitende, na Montecristi na Cuenca, miji ya huko inayosifika kwa kofia hizo, ndiyo majina utakayoyasikia zaidi. Ilijulikana kwa jina la mahali ilipouziwa wasafiri, na picha za Rais Theodore Roosevelt akiwa ameivaa kwenye ujenzi wa Mfereji wa Panama mwaka 1906 ziliusambaza umaarufu wake. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza ususi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukitaka kuikagua, iinue kuelekea mwangaza: msuko wa mkono huonyesha nyuzi zisizolingana kabisa, na juu kabisa utaona mahali msusi alipoanzia. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zimetengenezwa kwa karatasi iliyosokotwa. Karatasi si dhambi, mradi uambiwe kabla ya kulipa na ukumbuke kwamba haipatani na maji.

Uamuzi wetu ni huu. Kama siku zako nyingi ni za jua kali, nunua Panama ya kweli yenye ukingo wa sentimita saba na nusu au zaidi, kwa kuwa ukingo wa namna hiyo hufunika masikio na shingo, mahali ambapo kapelo huacha wazi kabisa. Na msuko uwe wa kubana, maana penye matundu jua hupenya. Kama siku zako zina mvua na baridi pamoja na jua, chukua felti ya manyoya ya rangi ya kijivu au ya kahawia. Nyeusi iache iwe kofia ya pili, kwani huonyesha kila chembe ya vumbi.

Ndugu Mhariri, ni kweli kwamba kofia huleta upara? – Mwenye Wasiwasi

Si kweli. Upara wa kawaida wa wanaume hutokana na urithi na homoni, na nywele hazipumui kupitia hewa ya nje. Hulishwa na damu. Kinachoweza kudhuru ni kitu chochote kinachovuta nywele kwa nguvu, kila siku, mahali palepale. Nadhani uvumi huu ulizaliwa na wenye upara wenyewe, ambao wana sababu nzuri kuliko watu wote za kuvaa kofia.

Ndugu Mhariri, mimi ni mfupi na nina uso mwembamba. Kila nikijaribu pama dukani muuzaji husema nimependeza. Nikifika nyumbani najiona kama uyoga. Isitoshe, siku hizi wanaume wachache huvaa kofia, nami sipendi kukodolewa macho. – Uyoga

Muuzaji huyo alikuvisha kilemba cha ukoka kabla hajakuvisha kofia. Kosa linaanzia kwenye kioo: maduka mengi huweka kioo kidogo kinachoonyesha uso na mabega tu, na katika kioo hicho karibu kila pama hupendeza. Omba kioo cha kukuonyesha hadi viatuni, urudi nyuma hatua tano, ujitazame na kwa ubavu pia. Kwa mtu mfupi mwenye uso mwembamba tungeshauri ukingo wa sentimita tano hivi, na sehemu ya juu isiyo nene, inayopungua kidogo kuelekea kileleni, ambayo upana wake haupiti mifupa ya mashavu. Utepe wa nje uwe wa rangi inayokaribiana na ya kofia. Utepe mpana wa rangi nyingine huikata kofia vipande viwili na kukufupisha zaidi. Ivae sawasawa kwanza, kisha ishushe upande mmoja kwa kiasi cha upana wa kidole. Kidole kimoja kinatosha, kwa sababu zaidi ya hapo unaanza kuigiza.

Kuhusu kukodolewa macho, husemwa kwamba John F. Kennedy ndiye aliyeziua kofia kwa kuapishwa kichwa wazi mwaka 1961. Ukweli ni kwamba siku ile alikuja na kofia ndefu ya sherehe, akaivua kwa ajili ya kiapo na hotuba. Na kofia zilikuwa zimekwisha kupungua kabla yake. Magari yalichangia: yana paa lake, tena paa la chini lisilopenda kofia. Anza kuivaa siku ambazo jua au manyunyu yatakutolea udhuru, na baada ya wiki mbili wanaokufahamu wataanza kukuuliza iko wapi siku utakayoisahau.

Ndugu Mhariri, ni wapi hasa ninapaswa kuvua kofia? – Mtiifu

Desturi ya zamani ya wavaa pama iligawa majengo mafungu mawili. Penye kupitwa na watu kama barabarani, yaani stesheni, korido na ukumbi wa kungojea, kofia hubaki. Unapoketi kula, unapoingia ofisini au nyumbani kwa mtu, na unapokaa mbele ya mtazamaji mwingine kwenye maonyesho, huvuliwa. Kapelo haina msamaha wa pekee. Nyumba za ibada hutofautiana, kwani kuna dini ambamo heshima ni kuvua na nyingine ambamo heshima ni kufunika kichwa, fuata wenyeji.

Ndugu Mhariri, pama yangu ya felti ililoa nikaiweka karibu na jiko ikauke haraka. Sasa hainiingii, na ukingo umekuwa kama mawimbi. – Mwenye Haraka

Pole sana. Joto liliifanya felti inywee na kuikausha ngozi ya ndani, na ngozi ikishakakamaa kwa namna hiyo hairudi yote. Ukingo unaweza kuokolewa: uweke juu ya meza, utandaze kitambaa chenye unyevu, upige pasi isiyo kali, kisha uuache upoe palepale. Kwa sehemu ya kichwa tumia mvuke na kipanuzi kama tulivyoeleza juu, ila kwa matumaini ya kiasi.

Siku nyingine, kung'uta maji, uukunjue mkanda wa ngozi utoke nje, uisimamishe kofia juu ya mkanda huo mbali na jua na moto, na uiache hata siku mbili. Ikikauka ipige brashi laini kinyume cha mwendo wa saa, upande ambao manyoya ya felti hulala. Usiishike kwa kubana zile kona mbili za mbele, ingawa zinaonekana kama zimewekwa kwa ajili ya vidole. Hapo ndipo kofia nyingi hupasuka, na Panama hupasuka mapema zaidi. Ikamate kwa ukingo. Ukiiweka mezani ilaze chali, ukingo usiguse meza. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Panama usiizungushe kama mkeka hata kama muuzaji alikuonyesha inavyowezekana, kwani nyuzi zikiwa kavu hukatika palipokunjwa.

Ndugu Mhariri, ndani ya kofia yangu, pale ncha za mkanda wa ngozi zinapokutana, kuna kifundo kidogo cha utepe kisichofunga kitu. Kazini tumebishana: ni cha nini? – Mbishi

Ni masalio. Zamani utepe au uzi ulipitishwa kwenye mkanda wa ndani, mvaaji akauvuta na kuufunga mpaka kofia ikamkaa. Kofia zilipoanza kutengenezwa kwa nambari, kazi ya utepe ikaisha lakini mafundi hawakuuondoa. Una faida moja iliyobaki. Hukaa nyuma, kwa hiyo ukiivaa gizani na kifundo kikakugusa paji la uso, igeuze.