Dada, baba hakuwasahau

Dada yangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu ndani ya basi, natoka zamu ya usiku. Kuisikia sauti ya Kasulu, kwao baba, baada ya miaka yote hii kumenitoa machozi. Lakini mawili uliyosema yamenichoma: eti ukoo mzima unajua baba alitajirika Tanga akawatupa, na mimi huku Uingereza nimerithi tabia yake, ndiyo maana sitaki kumvuta mpwa wangu.

Baba alikwenda manamba, kibarua cha mkataba mashambani, mwaka 1958. Treni kutoka Kigoma, kisha lori, mpaka shamba la mkonge karibu na Korogwe. Kila mkataji alipewa namba, na msimamizi aliita namba. Kipande chake, kadi ya kuandikia siku za kazi, kilikuwa cha siku 30, na siku ambayo hukumaliza majani uliyopimiwa haikuandikwa. Mwiba wa ncha ya jani ukamtoboa jicho la kushoto. Utajiri wake ndio huo. Kila mwaka alisema mwakani ataenda Kasulu, na kila mwaka alituuliza ataingiaje kwa kaka yake mikono mitupu. Akimsikia mtu anaongea Kiha sokoni, aliweka chini alichoshika, akapiga makofi taratibu, “Mwakeye”, na salamu ikaendelea mpaka mama anachoka kusubiri. Hivyo ndivyo mtu anavyosahau kwao?

Mimi naogesha wazee, nawabadilisha, nawalisha. Kazi hiyo siionei haya. Kinachonitesa ni karatasi. Viza yangu inamtegemea mwajiri, na yule aliyenileta alinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni. Nikapewa siku 60 nitafute mwingine au niondoke. Katikati ya siku hizo simu ikalia: baba hayupo. Ningepanda ndege, nisingerudi, na watoto wangu wanasoma kwa mshahara huu. Nilimzika kwa simu, dada. Mtandao ulikatika wakati wanamshusha. Nimeogesha baba za watu wengi sana. Wangu aliogeshwa na majirani.

Kwa hiyo mwambie mpwa wangu asije. Njia yenyewe imefungwa: tangu Julai 2025 watu wapya hawaajiriwi kutoka nje kwa kazi hii ya kuhudumia wazee. Anayemdai milioni za “kibali” ni mwizi, msiuze hata mbuzi. Na hata kabla haijafungwa, waliokuja kuanzia Machi 2024 waliacha mke na watoto nyumbani.

Ila akipata nafasi ya kusoma, ya kweli, aje. Godoro lipo, nitampokea mwenyewe uwanja wa ndege. Hapana, asubiri kwanza, ashike ufundi hapo hapo Kasulu. Unaona, dada, nikimkataza naona namfungia mlango niliopita mimi, nikimruhusu naliona lile jicho la baba.

Hela ya mwezi huu nitatuma, si nyingi. Usiwaambie watu ni nyingi. Nawe nirekodie wazee waliobaki wanaoikumbuka siku aliyoondoka, hata kama watamlaumu.

Mdogo wangu Korogwe ametunza kipande kimoja cha baba. Kimefubaa, lakini namba inasomeka. Nitamtumia nauli akilete kwenu. Naomba akifika wazee wawe wamekaa, wamwite baba kwa jina lake, na mmoja amsalimie kwa Kiha, polepole, mpaka salamu iishe.