Je, Aliye Juu ya Mto Ana Haki ya Kufunga Maji?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mkulima wa mahindi na mbogamboga upande wa Usa River, mkoani Arusha. Mfereji wetu ni wa tangu enzi za babu zetu, na banio letu, yaani mahali tunapochepushia maji ya mto, ndilo la juu kuliko yote. Kiangazi maji yakipungua, tunaziba mto kwa vigogo vya migomba na viroba vya mchanga ili maji yote yaingie kwetu. Nami nimeshiriki kwa misimu kadhaa. Wakulima wa chini na wafugaji wa Simanjiro, ambao hata si wa mkoa wetu, wanalalamika. Wazee wetu wanasema mvua imenyesha mlimani kwetu, kwa hiyo maji ni yetu, na tena tuna kibali cha serikali cha kutumia maji. Dini inasemaje? Na mazao niliyovuna kwa maji hayo ni halali kwangu?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Ndugu yangu, aliye juu ana haki ya kutangulia. Hana haki ya kumaliza.

Jambo hili liliamuliwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe pale Madina, na kisa chake wamekipokea Bukhari na Muslim. Zubayr bin Awwaam, mtoto wa shangazi yake Mtume, aligombana na mtu mmoja wa Ansari, yaani wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, juu ya mfereji uliokuwa ukinywesha mitende yao. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Yule Ansari alitaka maji yaachwe yapite moja kwa moja, Zubayr akakataa. Mtume akamwambia Zubayr anyweshe kisha amwachie jirani yake maji. Ansari akakasirika, akasema umehukumu hivyo kwa kuwa ni ndugu yako. Uso wa Mtume ukabadilika, akamwambia Zubayr anyweshe, kisha ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachie.

Wanavyuoni wameeleza kwamba hukumu ya kwanza ilikuwa ya upole: Zubayr alitakiwa alegeze kidogo katika haki yake ili wote wawili wapate nafuu. Ansari alipoikataa, Mtume akampa Zubayr haki yake yote, bila kupunguza. Nakuomba utazame hapa kwa makini, kwa sababu watu wa juu ya mto huipenda sana hadithi hii na kuisoma nusu. Hata pale aliye juu alipopewa haki yake kamili, haki hiyo ilikuwa na mwisho. Maji yakifika kwenye kingo, yanaachiwa yateremke kwa jirani.

Katika hukumu nyingine, juu ya bonde la Mahzuur, Mtume alitaja kipimo kinachoonekana kwa macho: wa juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayateremshe kwa wa chini. Ingia shambani miguu mitupu ujipime. Maji yakikugusa vifundo, zamu yako imekwisha. Na kwa nyanya na kabichi zako hata vifundo ni vingi mno, mizizi itaoza. Ndiyo maana Imam Mawardi alisema kipimo kile hakifungi kila ardhi na kila zao: kinatofautiana kwa udongo, kwa mmea na kwa msimu. Kinachobaki ni msingi wenyewe, kwamba unachukua haja ya shamba lako halafu unaachia. Kuliacha lango wazi usiku kucha kwa sababu umelala, maji yakafurika mpaka barabarani, hilo haliingii katika haja.

Sasa hoja ya wazee wako, kwamba mvua imenyesha kwenu. Mwenyezi Mungu anauliza katika Suratul-Waaqia: je, mnayaona maji mnayoyanywa, ni nyinyi mliyoyateremsha kutoka mawinguni au ni Sisi? Na katika Suratul-Muuminuun anasema ameyateremsha kwa kiasi, akayatuliza ardhini, naye ni muweza wa kuyaondoa. Mlima hauna mtoto wala mrithi. Mtume (s.a.w.) alisema Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mto uliojipitia wenyewe, ambao hakuna aliyeuchimba, haumilikiwi na mtu wala ukoo. Mnachomiliki nyinyi ni mfereji ambao babu zenu waliuchimba kwa majembe yao, na hiyo ni haki kubwa, siidharau. Lakini mfereji ni njia ya kupokea fungu lenu, na mto unabaki kuwa wa shirika.

Tena fuata maji hayo uone yanakwenda wapi. Mito ya Usa, Tengeru, Nduruma na Themi yote inashuka kutoka mlima Meru na kuishia mto Kikuletwa. Huko yanakutana na maji ya Kilimanjaro yanayoletwa na mito ya Weruweru na Kikafu, kisha yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanatoka yakiwa mto Pangani, yanazungusha mitambo ya umeme kule Hale, na mwisho yanamwagika baharini katika mji wa Pangani, mkoa wa Tanga. Mto unapodhoofika, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia mtoni. Mtu wa mwisho katika mstari huo hakujui jina, wala hajawahi kuliona banio lenu, lakini mnakunywa chombo kimoja.

Kwamba Simanjiro si mkoa wenu, hilo katika sheria ya dini halina uzito wowote. Simanjiro ilikuwa ndani ya mkoa wa Arusha mpaka mwaka 2002 ulipoanzishwa mkoa wa Manyara. Je, haki ya ng'ombe wa kule kunywa ilifutika siku ile mpaka ulipochorwa? Na kama mnasukumwa na ugomvi wa zamani baina yenu na wafugaji, basi Suratul-Maaida imekwisha kusema kuwa chuki yenu kwa watu isiwafanye mkaacha uadilifu. Wala usiulize kama mwenye ng'ombe ni Muislamu. Mwenye kiu ana haki.

Juu ya wafugaji nataka nikae kidogo, maana naona wanatajwa mwishoni kila mara, na dini imewatanguliza. Mtume (s.a.w.) amekataza kuzuia ziada ya maji kwa lengo la kuzuia malisho. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wakafafanua: mfugaji hawezi kulisha mahali pasipo na maji, kwa kuwa mnyama akishakula majani makavu lazima anywe. Kwa hiyo anayeyazuia maji amefunga na nyika nzima iliyoizunguka, nyika ambayo si yake na hakuwahi kuipanda hata unyasi mmoja. Hiyo ndiyo hali ya tambarare za Simanjiro kiangazi. Majani yapo, yamekauka, na mto ukikatika basi hata yale majani hayana faida tena. Katika fiqhi, elimu ya sheria za dini, mpangilio uko wazi: anatangulia mtu mwenye kiu, kisha mnyama mwenye kiu, kisha mmea. Mahindi yako yanasubiri nyuma ya ndama wa jirani. Najua ni maneno mazito kwa mkulima anayeona majani ya mahindi yake yakijikunja saa sita mchana, lakini ndiyo hukumu.

Kumbuka pia ngamia wa Nabii Saleh. Mwenyezi Mungu aliwaamuru watu wake, Thamud, kwamba maji yagawanywe baina yao, ngamia awe na zamu yake ya kunywa na wao wawe na zamu yao. Mnyama mmoja alipewa siku yake kamili. Waliomuua huyo mnyama waliangamizwa.

Liko jambo jingine ambalo watu wa juu hawalipendi. Kanuni ya kuanza na wa juu ni kwa mashamba yaliyofufuliwa pamoja, yaani yaliyoanza kulimwa wakati mmoja, au pale isipojulikana nani alitangulia. Ama mtu akija leo akafungua shamba jipya juu ya watu ambao tayari wanamwagilia huko chini, na maji hayatoshi, anazuiwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamelitamka hili waziwazi: aliyetangulia kulima hadhuriwi na aliyekuja baadaye, hata kama huyo wa baadaye yuko karibu zaidi na chemchemi. Mfereji wa babu yako una haki ya ukongwe. Ekari mlizoongeza miaka ya karibuni, pampu mpya, shamba la parachichi lililofunguliwa juzi, hivyo havina haki hiyo dhidi ya mfereji mkongwe wa chini.

Kibali nitakisema kwa ufupi. Ni wajibu kuwa nacho na kukifuata, kwani kuwatii wenye mamlaka katika mema ni amri ya Qur'ani. Lakini kibali ni ruhusa ya kutumia kiasi fulani, si hati ya kumiliki mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yenyewe inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuweka mto hai, ndipo kilimo na shughuli nyingine. Anayechukua kuliko kibali chake amevunja ahadi, na anayempa msimamizi wa zamu chochote ili afumbe macho ameingia katika laana ya mtoa rushwa na mpokeaji.

Ama mazao yako: ni yako. Mbegu ni yako, shamba ni lako, na maji ya mto hayakuwa mali ya mtu mmoja ukamwibia. Dhambi iko katika kuwazuia wenzako, na toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Kama unamjua mtu ambaye shamba lake lilikauka kwa sababu ya kuziba kwenu, mwendee. Wanavyuoni wametofautiana kama analazimika kulipa aliyezuia maji mpaka mazao ya mwenzake yakafa, lakini mimi nakushauri umridhishe kwa unachoweza na umwombe radhi kwa ulimi wako, kwani haki za waja hazifutwi na istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, peke yake. Wala usisahau zaka ya mahindi yakifika kiwango: sehemu moja ya kumi kwa yaliyonyweshwa na mfereji, nusu yake kwa yaliyonyweshwa kwa pampu unayoigharamia.

Kabla ya kiangazi kijacho, peleka neno kwenye kikao cha mfereji. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa vizazi na vizazi katika pwani yetu, kwamba mfereji wa shirika hugawanywa kwa kulaza ubao katikati ya maji, wenye matundu yaliyopimwa kwa kadiri ya mafungu, na inafaa pia kugawana kwa zamu. Ombeni hilo lifanyike kwenye banio lenu: pawe na nafasi ya maji ya mto isiyozibwa usiku wala mchana, na zamu zipangwe pamoja na wawakilishi wa chini. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi hapa Moshi, nao wanaweza kuwapimia. Wazungumze wazee kwa adabu, uanze na kisa cha Zubayr na ukisome mpaka mwisho. Wakikataa, usishike tena kiroba wala mgomba, na zamu yako ikiisha funga lango la shamba lako hata kama wao hawajafunga ya kwao.

Wallaahu a'lam.