Fiano na mbuzi choma: mbona ladha ilipotea?

SWALI: Nilinunua chupa ya Fiano di Avellino, mvinyo mweupe, nikaitia kwenye friza hadi jioni, kisha tukainywa na mbuzi choma na kachumbari yenye pilipili. Ilikuwa kama maji, halafu ikawasha koo. Nimeuziwa mvinyo mbovu?
Msomaji, South B

JIBU: Pengine mvinyo ni mzima. Friza ndiyo iliyoua harufu. Fiano, zabibu ya Campania kusini mwa Italia, hunukia asali, peasi na njugu, lakini kwa baridi kali hunukii chochote. Weka chupa kwenye friji kwa muda wa saa tatu, itoe dakika 15 kabla ya kumimina. Nyuzi 10 hadi 12 zinatosha.

Kuwasha koo ni kazi ya pilipili: huzidisha ukali wa kileo. Na kitunguu kibichi hukaa mdomoni kikafunika kila kitu, kwa hiyo kifikiche na chumvi, ukisuuze mara mbili.

Mbuzi mwachie mvinyo mwekundu. Fiano ina uzito wa kiasi mdomoni, hivyo samaki wa kupaka huiendea vizuri sana: tui zito, kitunguu saumu, ndimu, pilipili ya kunusia tu. Ndimu ikamuliwe mwishoni, nusu kwa samaki mmoja. Ikizidi, mvinyo utaonekana umepooza. Kamba wa kukaanga na saumu pia wanafaa. Tilapia ya kukaanga kavu, sawa, ila usiizamishe kwenye mchuzi wa nyanya.

Fiano ikibaki, ifunge uirudishe kwenye friji, uimalize ndani ya siku tatu.