Hilo si goti la mbwa wako, ni kifundo

Mkuu, umeuliza kama mbwa wako amevunjika goti la nyuma kwa kuwa "limepinda kinyume" tangu aruke ukuta, na kama kale kakidole kanakoning'inia kwa ndani ni mfupa uliochomoka. Nimehudumia mbwa wa ulinzi miaka mingi, na maswali haya huja pamoja mara nyingi.

Goti liko juu, usawa wa tumbo, na linaangalia mbele. Hapo unapopaona pamepinda ni kifundo, na ile ncha ngumu ya nyuma ni kisigino. Mbwa husimamia vidole, kisigino kikabaki hewani. Mlaze ubavu, kisha bana taratibu juu ya kisigino kwa vidole viwili: utagusa kano nene, gumu kama kamba ya katani, linaloshuka kutoka misuli ya nyuma ya muundi hadi kwenye ncha hiyo. Ndilo linalomrusha juu ya ukuta. Akikanyaga ukaona kisigino kinazama karibu na ardhi, kano au mfupa wake umeumia, usilale nalo.

Ndani ya kifundo kuna mifupa 7. Juu ni talusi (mfupa unaoungana na muundi) na kisigino, chini ya talusi upo mfupa wa kati, halafu minne ya mwisho. Wa nne, upande wa nje, ni mrefu hadi umekaa sambamba na ule wa kati. Mfupa wa kati ndio huwavunjikia sana greyhound, mbwa wembamba wa mbio, wa mashindano, hasa mguu wa kulia, maana hukimbia kinyume cha saa na kwenye kona mguu wa nje huelemewa.

Chini yake ni mifupa 4 mirefu ya wayo, kisha vidole vyenye pingili 3 kila kimoja. Pingili ya mwisho imeingia ndani ya ukucha, ndiyo maana ukucha ukivunjika shinani mbwa hulia sana.

Hicho kidole cha ndani wengi hawazaliwi nacho nyuma. Kwa wengine kimeshikwa na ngozi tu, hakina kiungo cha mfupa na wayo, na mbwa wa aina ya Great Pyrenees huwa navyo viwili kila mguu wa nyuma. Kama kilikuwa hivyo kabla hajaruka, kiache.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Kwa daktari wa mifugo omba eksirei mbili, ya mbele na ya ubavu, kwa sababu mifupa hii midogo hufichana kwenye picha moja.