Maswali na Majibu ya Besiboli: Belanger na Gongo Lake

Mark Belanger alidumu misimu 18 ligi kuu ya Marekani akiwa na wastani wa kugonga wa .228 (yaani alifanikiwa mara 228 katika kila zamu 1,000) na homurani, mipigo inayovuka ukuta wa uwanja, 20 tu. Nani alikuwa anambeba? (Msomaji, Mombasa)

Hakubebwa na mtu, ila yeye ndiye aliyewabeba warushaji wa Baltimore Orioles. Swali hili nimeletewa mara nyingi, na kila anayeliuliza anashika hiyo .228 na kuishia hapo. Jamani, shotistopu kama Belanger, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu, halipwi kwa gongo peke yake. Wapigaji wengi ni wa mkono wa kulia, na mipira yao ya chini huelekea upande wa kushoto wa uwanja, hapo hapo anaposimama yeye. Akishaudaka, ana safari ndefu ya kuurusha hadi beisi ya kwanza, na mkimbiaji mwepesi anafika huko kwa sekunde nne na kitu. Ukichelewa kuutoa mpira kwenye glavu, ameshapita.

Belanger alikuwa hachelewi. Alipokea nafasi ya Luis Aparicio, shotistopu aliyemtangulia, mwaka 1968, akatwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara nane: 1969, 1971, kisha mfululizo 1973 hadi 1978. Mwaka 1971 Orioles walikuwa na warushaji wanne walioshinda mechi 20 au zaidi kila mmoja: McNally, Cuellar, Palmer na Dobson. Wote wanasifiwa, na wanastahili. Lakini mipira ya chini waliyoiruhusu ilikuwa inakwenda kwa nani? Brooks Robinson beisi ya tatu, Belanger pembeni yake. Ukuta ule ndio uliowapa ujasiri wa kuurusha mpira mahali unapogongeka.

Je, ni kweli kocha wa Orioles, Earl Weaver, alikuwa anamficha asigonge?

Kweli, na ni jambo la kusoma kwa makini. Alikuwa akimbadilisha mara kwa mara kwa mgongaji wa akiba. Septemba 1975 alikwenda mbali zaidi: katika mechi za ugenini, ambako Orioles hugonga kwanza, alimwandika Royle Stillman kama shotistopu na mgongaji wa kwanza. Stillman si mtu wa nafasi hiyo. Akishamaliza zamu yake ya kugonga, Belanger anaingia kulinda. Wengine wanaisoma hadithi hii kama aibu kwa Belanger. Mimi naona kocha aliyejua gongo la mtu wake ni dhaifu, na bado katika mechi hizo hakuthubutu kuanza ulinzi bila yeye.

Shotistopu mwingine, Mario Mendoza, alikuwa dhaifu kuliko Belanger?

Kwa gongo, ndiyo: .215. Ray Oyler, shotistopu wa Detroit, alishuka hadi .135 mwaka 1968, na ilipofika World Series, fainali ya ubingwa, kocha wake akamhamisha Mickey Stanley kutoka ulinzi wa eneo la nyuma la uwanja aje acheze shotistopu. Kwa hiyo glavu nzuri nayo ina kikomo chake, sikatai.

Ninafundisha vijana Dar es Salaam. Nina kijana anadaka kila kitu lakini hagongi. Nimhamishe nafasi? (Mwalimu)

Usimhamishe, Mwalimu. Ukimtoa hapo utapoteza mikono yake, na kugonga bado hatajua. Mweke wa tisa kwenye orodha ya wagongaji, mfundishe kugonga taratibu kwa kuusindikiza mpira polepole na gongo na kuiacha ipite mipira mibaya, isiyorushwa eneo la kugonga, ili apewe beisi ya bure. Belanger mwenyewe aligonga .287 mwaka 1969, kwa hiyo uwezo huo hujengeka hata kwa mwembamba. La kumwonya ni moja: asianze kuzungusha gongo kwa nguvu zote akitafuta homurani ili awafurahishe watazamaji. Na wewe usiwaruhusu wenzake wamcheke.

Jina lake la utani?

«The Blade», kwa wembamba wake.

Cal Ripken, shotistopu wa Orioles wa baadaye, alikuja akapiga homurani 431. Si ushahidi kwamba akina Belanger walikuwa wa kupitisha muda?

Hapana. Ripken ni kipaji cha nadra, na alikuwa mlinzi hodari pia. Watu husahau nusu hiyo. Timu zinazotafuta Ripken wa pili huishia kumweka mgongaji mwenye mikono mizito mahali pasipomfaa, kisha zinamlaumu mrushaji.

Alifanya nini baada ya kustaafu?

Alifanya kazi katika chama cha wachezaji. Hata kabla ya kustaafu, katika mgomo wa wachezaji wa 1981, alikuwa miongoni mwa wawakilishi wao. Alifariki Oktoba 1998 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 54. Alikuwa mvutaji sigara. Tony Gwynn, bingwa wa kugonga, naye alifariki akiwa na 54, mwaka 2014, kwa saratani ya tezi ya mate ambayo mwenyewe aliihusisha na tumbaku ya kuweka mdomoni. Vijana mnaoiga wachezaji wa zamani, tumbaku msiiguse.

Kwa nini hayupo Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, Cooperstown?

Kwa sababu wapiga kura walisoma safu ya kugonga kwanza. Mwaka 1988 hakufikisha hata asilimia 5, akaondolewa kwenye karatasi ya kura. Shotistopu Ozzie Smith aliingia 2002 akiwa na Glavu za Dhahabu 13 na .262, na hakuna anayebisha. Katika hesabu za kisasa za thamani ya ulinzi, anayemfuata Smith kwa mashotistopu wote ni Belanger. Kamati zinazopitia upya majina ya zamani zina uwezo wa kulirekebisha hili, na zinapaswa kuanza naye.