DC ya mkuu wa wilaya na DC ya televisheni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Moshi vijijini. Nimenunua televisheni ndogo ya sola, nyuma imeandikwa DC 12V. Kijana wangu anauliza kama DC hiyo inahusiana na DC wetu, yaani mkuu wa wilaya, au na Washington DC. Halafu, umeme wa TANESCO ukitufikia naweza kuichomeka ukutani?

JIBU: Marahaba. Mpongeze kijana kwa kuuliza. Hizo DC hazina undugu, zimegongana herufi tu. Ya mkuu wa wilaya ni District Commissioner, cheo cha tangu enzi za Mwingereza. Na hapo kwenu iko nyingine inayowasumbua wengi wanaopeleka barua: District Council, yaani halmashauri ya wilaya. Tazama mpangilio. DC Moshi ni mtu, ameteuliwa na Rais. Moshi DC ni halmashauri, yenye madiwani na mkurugenzi wake, na ni mbali na Moshi MC, ambayo ni manispaa. Ya Washington ni District of Columbia, jina lililotokana na Columbus.

Sasa televisheni, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu fedha yako inaweza kuteketea. DC ya umeme ni Direct Current, mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Ndio unaotoka kwenye paneli na betri. Wa TANESCO ni AC, yaani Alternating Current, mkondo geu, hugeuka huku na huku, tena ni volti 230. Ukiuunganisha moja kwa moja na televisheni ya volti 12, umeiunguza.

Nunua adapta, kifaa cha kugeuza AC ya ukutani kuwa DC ya volti 12. Usitosheke na maneno ya muuzaji. Igeuze usome kibandiko chake. Mstari wa INPUT uwe na alama ya kiwimbi, ndiyo AC. Mstari wa OUTPUT uwe na 12V pamoja na kistari kirefu chenye vistari vifupi vitatu chini yake, ndiyo DC. Ampea zake (herufi A) zisipungue zile zilizoandikwa kwenye televisheni. Mwisho, linganisha kale kamchoro ka duara chenye + na −: kama kwenye televisheni + iko katikati, na kwenye adapta iwe katikati.

Kama kibandiko kimefutika, usiinunue hiyo adapta hata ikiwa bei ya kutupa.