Jibu: Wiski inanuka dawa ya hospitali, nimeuziwa feki?

Mkuu, tuliza moyo, hiyo si feki. Umesema umefungua Laphroaig ya miaka 10, wiski ya Uskochi, ukanusa, ukakutana na Dettol na bandeji, ukaifunga ukaja kuuliza humu. Harufu hiyo ndiyo wiski yenyewe.

Mimi nilisoma Glasgow miaka miwili. Ya kwanza niliyopewa niliimwaga kwenye sinki. Akili ilinijia wenzangu waliponivuta kisiwani Islay, hukohuko Uskochi, feri kutoka Kennacraig, kama saa mbili baharini. Ukishuka Port Ellen kuna njia ya miguu inayopita Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, viwanda vitatu ndani ya kilomita kama tano. Laphroaig bado wanaotesha wenyewe sehemu ya shayiri yao: imetandazwa sakafuni, jamaa wanaigeuza kwa koleo. Nikacheka peke yangu. Kile ni kimea, mkuu, ndugu yake kimea cha ulezi alichokuwa akianika bibi yangu Kibosho kwa ajili ya mbege.

Wanapoachana ni kwenye kukausha. Bibi alikuwa na jua. Kule jua ni la kubahatisha na miti haba, kwa hiyo wanachoma piti, udongo mweusi wa kinamasi wenye mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, unaokatwa vipande kama matofali. Moshi wake ukishaingia kwenye kimea kibichi hautoki, hata kipikwe mara mbili kwenye mitambo ya shaba na kulazwa miaka kumi kwenye pipa la mwaloni. Mimi ni mtu wa Moshi, na moshi wa namna ile sikuwahi kuuona.

Sasa kuinywa. Barafu weka pembeni, inaua harufu. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Ukikosa, ya mvinyo inatosha. Usizamishe pua, utaungua. Isogeze taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Piga funda dogo, lizungushe ulimini, hesabu hadi kumi ndipo umeze. Kisha tia maji, matone tu, kwa kijiko cha chai. Hapo ndipo mimi ilinifungukia: dawa ikarudi nyuma, ikaja chumvi na samaki wa kubanikwa, halafu mwishoni kabisa utamu wa vanila, ambao ni wa pipa lililowahi kukaa bourbon, wiski ya Marekani.

Ikikukataa, usijilazimishe, umeanzia mlimani. Shuka Speyside kwanza, eneo jingine la wiski huko Uskochi: Glenfiddich 12 ina harufu ya peasi, Glenfarclas inalala kwenye mapipa ya sherry, mvinyo mkali wa Hispania, na ina utamu wa zabibu kavu. Na rangi isikutishe. Sheria yao inaruhusu kutia karameli, kwa hiyo weusi si ukongwe. Bei nayo hivyo hivyo. Ardbeg 10, asilimia 46, naipanga mbele ya chupa nyingi za bei mara tatu yake.

Waliokushauri hapo juu uichanganye na Coca-Cola, waache waendelee na Konyagi yao.

Ukijaribu yote hayo bado unaona hospitali, njoo PM, ujumbe wa faragha. Nitaifuata mwenyewe.